Kaskazini ya Ujiji: safari ya kusikiliza joho la dunia

Jumatatu, Tabora

Stesheni yetu ya kupima mitetemo ya ardhi hapa Tabora iko nje ya mji, nyuma ya mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa. Tumefika saa mbili asubuhi, baridi ya Julai bado ipo mikononi. Babu mlinzi ameshafyeka nyasi kuzunguka uzio na amefuta paneli ya sola kwa kitambaa chenye maji. Nimemwamkia, akaitika marahaba, kisha akanirudishia salamu ya kwao: “Mwangaluka, mwanangu.” Nikaitikia mwangaluka.

Chini ya mfuniko kuna pipa la plastiki lililozikwa, chini ya pipa sakafu ya zege, na juu ya zege kipima mitetemo kimekaa kwa miguu yake mitatu. Kinasikia pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Tumenakili data ya miezi minne, tumebadilisha betri moja, na tumetazama povu la pimamaji. Limekaa katikati kabisa. Kazi imeisha kabla ya saa nne.

Babu ameuliza swali ambalo huniuliza kila nikija: chombo hiki kinasikiliza nini, wakati Tabora haina matetemeko? Leo nimeamua kumjibu kwa kirefu, maana ndilo swali la safari nzima.

Nimemwambia hatusubiri tetemeko la hapa. Tunasubiri la Japani, la Ufilipino, la Papua New Guinea, la Chile. Tetemeko kubwa likipiga kule, mawimbi yake hayaji kwa juu tu. Mengine huzama, yakapita ndani ya dunia, yakatokea chini ya miguu yetu. Ninalolisubiri mimi huanza safari kama wimbi la S, lile linalotikisa mwamba kwa upande kama kamba ya kuanikia nguo ukiishika ncha na kuitikisa. Linashuka kilomita 2,900 mpaka kwenye kiini cha nje. Kiini hicho ni kimiminika, na wimbi la S halipiti kwenye kimiminika. Basi linageuka kuwa wimbi la P, la kusukuma na kuvuta, linavuka kiini, na likitoka upande wetu linageuka tena kuwa S. Wataalamu hulipa herufi tatu: SKS. Hiyo K imetoka kwenye neno la Kijerumani Kern. Kwetu sisi, kwa bahati njema, nalo ni kiini. Tangu tetemeko lipige Japani hadi wimbi hilo litikise zege la Tabora ni kama dakika 25.

Faida ya kupita kwenye kiini ni kwamba wimbi linafuliwa. Mikunjo yote liliyoipata chini ya Japani inabaki huko. Linapotoka kwenye kiini linatikisa kwa mstari mmoja tu, ule unaoelekea kule lilikotoka. Kwa hiyo nikiona hapa Tabora limeanza kutikisa na kwa pembeni pia, najua kuna kitu kimeligusa katika nusu ya mwisho ya safari, kati ya kiini na pipa la babu.

“Kitu gani?” akauliza.

Nikamwahidi jibu nikirudi, kwa sababu dereva alikuwa ameshawasha gari.

Jumanne, Urambo

Jibu nimelipata leo kwenye karakana ya seremala. Tulisimama kurekebisha mguu wa meza ya vifaa uliovunjika njiani. Fundi alikuwa anachana ubao wa mninga, ule mti wa miombo wenye rangi ya asali iliyoiva, na nilimwomba anipe kipande. Alinipa viwili vya unene uleule: kimoja amekikata kufuata nyuzi za mti, kingine amezikata kwa kukingama. “Pinda,” akasema. Cha kwanza kiligoma. Cha pili kilivunjika mkononi kama biskuti.

“Ni mti uleule, dada. Ila mti una upande wake.”

Neno la kitaalamu kwa jambo hilo ni anisotropia, na sijasikia mtu akilieleza vizuri kuliko yule fundi. Mwamba wa joho, tabaka nene lililo kati ya ukoko tunaoukanyaga na kiini, nao una upande wake. Sehemu yake ya juu imejaa olivini, madini ya kijani. Ninacho kijiwe kimoja mfukoni, kidogo kama punje ya mahindi, kilichotapikwa na volkano ya Labait kule upande wa Hanang. Ukikiinua juani kinakuwa kijani cha chupa. Fuwele moja ya olivini hupitisha wimbi la P kwa karibu kilomita 9.9 kwa sekunde kwenye mhimili wake wa kasi, na kama 7.7 kwenye mhimili wa polepole. Fuwele zikitawanyika ovyo, tofauti hizo zinafutana. Lakini mwamba wa joho ni wa moto, nao hutiririka taratibu sana kwa mamilioni ya miaka, na mtiririko huo hulaza fuwele upande mmoja, kama mto unavyolaza majani ya ukingoni. Hapo ndipo mwamba unapopata nyuzi.

Wimbi la S likiingia kwenye mwamba wenye nyuzi hupasuka mawili. Moja hutikisa kufuata nyuzi na kutangulia. La pili hutikisa kwa kukingama na kuchelewa. Sisi tunapima mambo mawili tu: nyuzi zimeelekea wapi, na wimbi la pili limechelewa kiasi gani. Kuchelewa kwenyewe, sehemu nyingi za dunia, ni kama sekunde moja. Wasomaji wanaopenda hesabu waipige wenyewe: wimbi la S hukata kilomita 100 za joho la juu kwa kama sekunde 22, likienda kilomita 4.5 kila sekunde. Kasi za pande mbili zikitofautiana kwa asilimia 4, utapata karibu sekunde moja. Sekunde hiyo moja ina historia ya mwamba wenye unene wa kutoka hapa hadi Tabora mjini na zaidi.

Nimebeba vile vipande viwili vya mninga. Kimoja ni cha babu.

Jumatano, Kaliua hadi Uvinza

Siku ya barabara. Miombo, kisha miombo, kisha mizinga ya nyuki ya magome imening'inia juu ya miti, kisha bonde la Malagarasi. Tumepita Daraja la Kikwete mchana, maji yamepungua na ndege weupe wamejaa kingoni. Uvinza tumenunua chumvi, ile inayochemshwa kutokana na maji ya chumvi yanayobubujika ardhini, kilo mbili kwa ajili ya nyumbani.

Kwa macho hakuna kinachoonekana, lakini leo tumevuka mpaka mkubwa. Tabora na Urambo zipo juu ya kratoni ya Tanzania, bamba la mwamba mkongwe wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, lenye mzizi mgumu na baridi unaoshuka zaidi ya kilomita 150. Bonde la Ufa lilipofika kwenye kratoni hii halikuipasua. Liligawanyika: mkono mmoja ukapita mashariki kwa akina Natron na Eyasi, mwingine ukapita magharibi, na huo wa magharibi ndio uliochimba Ziwa Tanganyika. Ukiwa na ramani, zungusha kidole na utaona mabonde yanavyoikwepa Tabora.

Mwaka 1994 na 1995 stesheni 20 za muda zilitawanywa nchini kusikiliza jambo hili, zikiwemo za Urambo, Uvinza na Kigoma, na mwaka 2004 Walker, Nyblade na wenzao walichapisha vipimo vya kupasuka kwa wimbi la S kutoka kwenye uwanda wa Afrika Mashariki. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi stesheni hizo zilipowekwa. Kila nikipita Uvinza huwa nafikiria wale waliochimba mashimo hayo wakati barabara hii ilikuwa ya kuombea dua.

Alhamisi, Ujiji

Stesheni ya Ujiji iko ndani ya ua wa nyumba ya zamani, chini ya mwembe. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa wali na mgebuka wa kukaanga kwa mawese, na hakutaka kusikia habari ya kazi kabla ya kula. Wakati wa chakula alisimulia tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lile la ukubwa wa 6.8 lililotokea ziwani. Ilikuwa saa tisa alasiri, alikuwa anapepeta mchele, na anasema mchele ulianza kucheza kwenye ungo kabla yeye hajahisi chochote. Mtu anayeliona tetemeko kwenye ungo wake ana jicho la mpimaji.

Data tumenakili. Povu liko katikati. Nililala nikiwa na raha.

Ijumaa, Kigoma mjini

Raha haikudumu. Tangu asubuhi nimekaa na kompyuta mpakato kwenye baraza ya nyumba ya wageni, ziwa likimeremeta chini, na nimegundua kwamba stesheni ya Ujiji inasema uongo.

Wimbi la kwanza kabisa la tetemeko, la P, husukuma ardhi kwenye mstari unaoelekea lilikotoka. Ukijua tetemeko lilitokea wapi, unajua mstari ule unapaswa kuelekea wapi. Nilichukua tetemeko la Uturuki: mstari umeenda kando kwa digrii 14. Nikachukua la Sumatra: digrii 14 au 15, upande uleule. La visiwa vya South Sandwich, kusini kabisa ya Atlantiki: 13. Kama lingekuwa jambo la ndani ya dunia, lingebadilika kwa kila upande wimbi linakotokea. Likiwa lilelile kutoka pande tatu za dunia, kosa ni la chombo. Kaskazini ya Ujiji si kaskazini.

Na mstari wa kaskazini juu ya zege lile niliuchora mimi, miaka miwili iliyopita, kwa dira.

Kosa hili ni zito kwa sababu ya namna kipimo chenyewe kinavyofanyika. Wimbi la SKS lina urefu wa sekunde nane hadi kumi, ilhali yale mawili yaliyopasuka yameachana kwa sekunde moja. Hayaonekani kama vishindo viwili. Yanalaliana, na ukichora mwendo wa ardhi kwenye karatasi, badala ya mstari mnyoofu unapata yai. Tangu mwaka 1991, Silver na Chan walipochapisha njia yao, kazi yetu ni kujaribu kila mwelekeo na kila muda wa kuchelewa kwa kompyuta, tukilirudisha nyuma wimbi lililochelewa, mpaka yai linyooke likawa mstari na mtikisiko wa pembeni uzimike. Jozi iliyolizima ndiyo jibu. Chombo kikiwa kimepinda, sehemu ya mtikisiko wa mbele inamwagika pembeni, na kompyuta, kwa uaminifu wake wote, itakutafutia mpasuko usiokuwepo.

Kuna dalili moja ambayo ningepaswa kuiona mapema. Mpasuko wa kweli huacha pembeni wimbi lenye sura tofauti: linapita kwenye sifuri pale wimbi la mbele linapofika kileleni. Chombo kilichopinda huacha pembeni nakala ndogo ya wimbi la mbele, kilele kwa kilele. Nimerudi kwenye rekodi za mwaka jana. Nakala ile ipo, imechanganyika na mpasuko wa kweli, na niliipita.

Jioni nimempigia simu mama mwenye nyumba kumuuliza kama mafundi waliomwaga zege waliweka nondo ndani. “Waliweka, mwanangu, walisema litapasuka bila nondo.” Basi. Niliiweka dira juu ya chuma kilichojificha sentimita chache chini yake.

Sikutaka tena dira. Nilimuuliza mama kama kuna mtu Ujiji anayejua kupima kwa jua. Akacheka kidogo. “Si maalim huyo hapo jirani? Yeye ndiye aliyewapimia kibla msikiti wa vijana. Lakini leo Ijumaa usimsumbue.”

Jumamosi, Ujiji

Maalim amekuja saa tatu na nusu akiwa na timazi, uzi na fimbo ya mita moja iliyonyooka. Nilimwamkia, nikamweleza shida. Hakuuliza dunia ya ndani ina nini. Aliuliza, “Unataka kaskazini ya kweli, si ya dira?” Nikasema ndiyo. “Basi usiwe na haraka.”

Tulisafisha mahali palipo wazi, mbali na kivuli cha mwembe, tukapima usawa wa ardhi, tukasimamisha fimbo na kuihakikisha kwa timazi pande mbili. Maalim alifunga uzi chini ya fimbo na kuchora duara la sentimita 85 kila upande. Kisha tukakaa.

Kivuli cha asubuhi kilikuwa kirefu, kimetoka nje ya duara upande wa magharibi, na kikaanza kuingia ndani polepole. Saa tano na dakika tano ncha yake iligusa mstari. Maalim alichoma kijiti palepale. Kikazidi kufupika. Karibu saa saba kilikuwa kifupi kuliko vyote, kama sentimita 51, kimeelekea kusini, kwa sababu mwezi huu jua liko kaskazini yetu. Hapo maalim aliniambia jambo ambalo kila mtoto wa madrasa Ujiji analijua: adhuhuri haiingii saa sita ya ukutani. Inaingia kivuli kinapomaliza kufupika na kuanza kurefuka, na kwa Kigoma ni saa saba na dakika chache. Ni kweli kabisa. Saa ya nchi nzima imefungwa kwenye mstari wa longitudo ya digrii 45, na sisi tuko chini ya digrii 30, karibu mwisho wa nchi, kwa hiyo jua letu linachelewa saa nzima. Akaenda kuswali, akarudi.

Saa tisa na dakika nane ncha ya kivuli iligusa duara tena, safari hii upande wa mashariki. Kijiti cha pili. Tukanyoosha uzi kutoka kijiti hadi kijiti: huo ni mashariki na magharibi. Mstari unaoukata katikati kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini. Nilipiga hesabu ya wastani wa nyakati mbili nikapata saa saba na dakika sita na nusu, na jedwali la jua kwenye simu lilikuwa linasema saa saba na dakika hiyohiyo.

“Kibla chetu hakiko hapo,” maalim alisema, akionyesha mstari wa kaskazini kwa kidole. “Ukisimama hapa ugeuke kidogo mkono wa kulia. Watu wengi wanafikiri Makka ni kaskazini kamili.” Nilipima baadaye kwa kompyuta: ni kama digrii 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Alikuwa ameonyesha palepale.

Tulihamisha mstari kwa nyuzi mbili juu ya mdomo wa shimo, tukaushusha kwa timazi mpaka kwenye zege. Mstari wangu wa zamani na mstari mpya vilikutana kama mkasi uliofunguliwa kidogo. Nilipima pembe yake kwa protrakta. Digrii 14 na nusu.

Sikufuta ule wa zamani. Nimeandika kando yake tarehe uliochorwa na tarehe uliogunduliwa, ili atakayenirithi ajue data ya miaka miwili izungushwe kwa kiasi gani.

Jumapili, Kigoma

Siku nzima kwenye kompyuta. Nilizizungusha rekodi zote za Ujiji kwa digrii 14 na nusu na kuanza upya na tetemeko moja kubwa la Japani. Ile nakala ya pembeni ilitoweka. Kilichobaki pembeni kilikuwa kidogo, na kilipita kwenye sifuri palepale wimbi la mbele lilipofika kileleni. Nilichora mwendo wa ardhi: yai jembamba, safi. Programu ilipomaliza kutafuta, yai lilinyooka likawa mstari kama uzi wa maalim. Nilisimama kwenye baraza nikatazama ziwa kwa muda.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na kwa kuwa uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, sakafu yake iko chini kuliko usawa wa Bahari ya Hindi. Ardhi hapa inavutwa mashariki na magharibi. Mtu angetarajia joho chini yake litiririke kufuata mvuto huo. Lakini kwenye ufa wa Kenya na wa Ethiopia mwelekeo wa kasi umeonekana kufuata urefu wa bonde, na kwa Ethiopia, Kendall na wenzake walieleza mwaka 2005 kwamba mwamba ulioyeyuka, uliojipanga katika mifuko myembamba iliyosimama wima, unaweza kuleta alama hiyo. Tena kuna mzizi wa kratoni, ambao joho laini likikutana nao hulazimika kuuzunguka. Zote hizo zinaandika nyuzi, na wimbi la SKS, kwa kuwa linapanda karibu wima, hutuonyesha vizuri ni chini ya stesheni ipi lakini si kwa kina gani. Ndiyo maana stesheni moja haitoshi, na ndiyo maana Ujiji na Tabora, moja juu ya ufa na nyingine juu ya kratoni, lazima zisome kaskazini moja. Kosa la digrii 14 kati yao lingeweza kusomwa kama joho linalogeuka.

Jumatatu, Tabora

Tumeingia usiku wa jana, tumelala, na saa tatu asubuhi nimefika kwa babu nikiwa na fimbo ya mita moja na uzi. Nilimpa kipande cha mninga kilichokatwa kufuata nyuzi na nikamwambia apinde, kisha nikamwonyesha kingine kilichovunjika. Alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo huko chini kuna mbao,” akasema.

“Kuna mwamba wenye upande wake, babu.”

Zege la hapa halina nondo, nina hakika, nilikuwepo likimwagwa. Hata hivyo nimesimamisha fimbo. Kivuli kimeingia kwenye duara saa nne na dakika hamsini na mbili. Babu amechoma kijiti, na sasa tumekaa chini ya mwembe tunasubiri alasiri.